Chupa ya Chai Yenye Harufu ya Samaki

Mjukuu wangu alinikuta uani nageuza utumbo wa mbuzi. Ilikuwa Idi Kubwa. Kazi hiyo wasichana wa siku hizi huikimbia. Unachukua njiti ya kuti, unaisukuma ndani ya utumbo mwembamba, unaugeuza nje ndani kama unavyogeuza mkono wa kanzu, kisha unausugua kwa jivu na ndimu mpaka mikono inakuwasha. Yeye hakukimbia. Alikunja suruali yake, akachuchumaa pembeni yangu, akaushika ule utumbo akaunyoosha juani kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Bibi, pitisha kidole hapa. Unasikia ulivyo laini kama mahameli?"

"Nasikia harufu tu."

"Basi mimi hicho ndicho ninachosomea."

"Unasomea utumbo?"

"Nasomea utumbo."

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, korosho zote zile nimebangua mpaka mgongo ukapinda, kumbe unakwenda Dar es Salaam kusomea utumbo. Ungebaki hapa ningekufundisha bure."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami najivuna naye, sifichi. Shule yangu mimi ni kisomo cha watu wazima, tulikaa chini ya paa la ghala tukiandika kwa chaki, na kuandika kwenyewe ninakoandika haya ni kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto. Yeye anavaa koti jeupe. Kijiji kizima cha Somanga kinajua, maana nimewaambia mmoja mmoja.

Alipomaliza kucheka akanieleza. Akasema kila mtu ana maandishi ndani ya mwili aliyoyarithi kwa baba na mama, yanaitwa vinasaba, na maandishi hayo yamo mpaka kwenye ngozi ya ndani ya utumbo. Lakini hayasomwi yote kwa pamoja. Mengine yameamka, mengine yamelala. Na wako wanawake ambao mwili wao umeacha kuitikia insulini, ile dawa ambayo mwili hujitengenezea wenyewe kwa ajili ya sukari. Na wataalamu wakiwapitishia mpira mdomoni wakachukua kipande cha utumbo kidogo kama chembe ya mchele, wanakuta mle ndani yaliyolala yameamka na yaliyoamka yamelala. Kipi kinaanza, utumbo au mwili, bado wanatafuta.

"Wanawake wenyewe ni kama..." akasema, halafu akaishia hapo. Akarudi kusugua utumbo kwa jivu.

Nilijua alitaka kusema kama nani. Kama mama yake. Mwanangu wa pekee.

Mama yake huyu alikulia kwenye miaka ya dhiki. Sukari ilikuwa ya mgao, unapanga foleni kwenye duka la ushirika na kapu lako, na unaweza kurudi na kapu. Tulikunywa uji wa muhogo na chumvi. Mgeni akija, unamwambia karibu huku moyo unasema asikaribie, maana utampa nini? Aibu ile mtu ambaye hakuipata hawezi kuijua. Halafu ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakaota barabarani hapa Somanga kama uyoga, mabasi ya Lindi na Mtwara yakawa yanasimama, abiria wanashuka wana njaa, nami nikaweka meza yangu ya samaki wa kukaanga na muhogo. Kila duka lina gunia la sukari mlangoni, limefunguliwa mdomo. Unanunua ukitaka. Basi na sisi tukataka. Chai yetu ya pwani hatuikorogi kikombeni, sukari inachemkia humo humo kwenye birika pamoja na majani na tangawizi, na tuliichemsha ikawa inanata midomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Ukimpa mtu chai ya kunata umemwambia kwamba dhiki imekwisha.

Mwanangu akaolewa Kilwa Masoko, kwa watu wanaojiweza, wenye duka la mitumba. Alipowekwa ndani kabla ya harusi tulimlisha ubwabwa wa nazi, tambi za sukari, maziwa, tende, akatoka mashavu yanang'aa. Nguo iliyoshonwa mwanzo ikakataa kupanda, fundi akaitwa kuongeza kitambaa ubavuni, na sisi wanawake tukapiga vigelegele kwa kile kitambaa cha kuongeza.

Mimba ya kwanza alikuja kujifungulia kwangu. Akazaliwa huyu, msomi wangu wa utumbo. Mtoto mkubwa kupita kiasi, ana pingili mikononi kama muwa. Mkunga alimnyanyua akasema, "Huyu amezaliwa ameshanyonya." Watu wakatoka mpaka vijiji vya jirani kuja kumtazama. Nilikuwa nakaa naye mlangoni kwa makusudi.

Kwenye arobaini yake, somo yake mwanangu, mwanamke aliyemfunda, alitoka bafuni anacheka. Bafu letu lilikuwa la makuti na jiwe la kusimamia. Akasema, "Njooni muone. Mzazi wenu mtamu huyu, anaacha mpaka sisimizi wanagombania alipojisaidia." Tukaenda kutazama. Kweli, sisimizi walikuwa mstari mmoja kutoka ukutani mpaka kwenye jiwe, weusi tele. Tukacheka wote, na mwanangu akacheka, akajifunika kanga usoni kwa haya. Wakamtania mumewe siku aliyokuja: una bahati wewe, umeoa asali. Hatukujua kwamba mwili ulikuwa unatupa nje sukari kwa sababu umeshindwa kuitumia. Ulikuwa unatuambia, nasi tukaufanyia utani.

Mimba ya pili mtoto alikuwa mkubwa zaidi. Alikwama, akatoka amekufa. Safari hiyo mwanangu alipelekwa bara, hospitali ya wamisheni, na huko daktari mmoja mzee akampima akatuita sisi wawili. Alikuwa anasema Kiswahili cha taratibu. Akasema, "Mama, binti yako ana sukari. Chakula kikishaingia kinakuwa sukari ndani ya damu. Insulini inakuja kwenye mlango wa mwili inapiga hodi, ili sukari ipite. Kwa binti yako inapiga hodi, mwili haujibu karibu. Inapiga tena, kimya. Sukari inabaki barazani."

Nikamuuliza, "Mwili wa mwanangu umekuwa hauna adabu tangu lini?"

Akatabasamu, lakini akasema jambo ambalo halikuwa la kutabasamu. Akishika mimba nyingine, lazima achome sindano ya insulini kila siku na ale kwa kipimo. Asipofanya hivyo atapotea yeye pamoja na mtoto.

Akashika mimba nyingine. Tumseme nini? Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, mtoto wa pili aliye hai, na yeye abaki hai amlee. Mumewe akamleta kwangu mwenyewe, akasema, "Mama, wewe ndiye unayemuweza." Nikampokea.

Ile dawa inataka ubaridi, na Somanga nani alikuwa na jokofu? Lakini palikuwa na wachuuzi wa samaki. Magari yao yalikuwa yanatoka Dar es Salaam na barafu ndani ya masanduku ya mbao, yakivuka Rufiji kwa kivuko, yanakuja kuchukua samaki wetu na wa Songo Songo. Mimi nilikuwa nawakaangia. Basi wananimegea barafu ya kunitosha, naitia kwenye chupa ya chai, nzuri, ya maua mekundu, na vile vichupa vya dawa navifunga kwenye mfuko wa nailoni navitumbukiza humo. Barafu ya samaki ina harufu ya samaki. Mwanangu alikuwa anafungua chupa, anaziba pua, anasema, "Mjukuu wako huyu atazaliwa anaogelea." Anajichoma pajani bila kukunja uso. Anakula kunde, kisamvu, dagaa, kipande cha muhogo nisemacho mimi, hakiongezwi. Chai yake naichemsha peke yake kwenye sufuria ndogo, haina sukari. Anainywa amefumba macho. Akatulia. Sisimizi wakapotea bafuni, nilikuwa nachungulia kila asubuhi.

Mkwewe, mama wa mumewe, akaja kumtazama. Nataka nimseme kwa haki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mwenye mkono wazi, hawezi kula yeye jirani hajala. Alishuka kwenye basi na kikapu cha mchele, tende na sukari, akamkuta mwanangu anakunywa chai, akaonja kikombe.

"Mzazi mwenzangu," akaniambia, "maduka ya huku yamefungwa?"

"Yako wazi. Ni mdomo wake uliofungwa."

"Na nani?"

"Na daktari."

"Daktari ndiye aliyemzaa? Mwenye mimba anakunywa maji ya majani kama mfungwa. Watu wakisikia watasema mwanangu ameshindwa kulisha mkewe, amemrudisha kwao akale kunde."

"Waseme. Watu hao ndio waliomzika yule aliyezaliwa amekufa?"

Akaweka kikombe chini. Nami nilijua nimempiga pabaya, kwani yule mtoto alikuwa mjukuu wake kama alivyokuwa wangu. Mwanangu akatukatiza, amekaa mkekani anakuna tumbo lake. "Mama zangu, mnagombea mdomo, na mwenye mdomo niko hapa. Mama, hiyo sukari tutampa baba wa mtoto, yeye mwili wake unafungua mlango." Akacheka, tukacheka naye. Mkwewe akala kunde na sisi jioni ile, akaomba aongezwe.

Mimba ilipokuwa inakaribia miezi ya mwisho, yule mkwe akawa anamwoza binti yake. Mume wa mwanangu ndiye mtoto wa kiume mkubwa, na kwao mke wa mtoto mkubwa ndiye anayepokea wageni wa harusi. Yeye anatembea na chupa ya chai, mkeka hadi mkeka, anamimina. Asipoonekana, watu hawaulizi anaumwa nini. Watauliza ameachwa lini. Mumewe akaja, akakaa chini kwa adabu, akaniambia siku chache tu, mama, nitamrudisha mwenyewe. Mwanangu akasema, "Nitakwenda. Nitamimina, sitakunywa." Nikaijaza chupa barafu mpaka kooni. Akaondoka ameipakata juu ya tumbo, kama ana watoto wawili.

Haya yanayofuata alinieleza yeye mwenyewe, kitandani, sauti imekauka.

Siku ya harusi wageni walikuja kuliko walivyotazamiwa, wengine wamevuka kutoka Kisiwani. Chupa za chai hazikutosha. Shangazi mmoja wa kule, mtu mzima, akaingia vyumbani kutafuta, akaikuta chupa nzuri ya maua mekundu chini ya kitanda. Akaifungua ikampiga harufu ya samaki. Akaona haya kwa niaba ya nyumba nzima. Harusi, wageni, na chupa nzuri hivi imetiwa maji ya samaki? Akayamwaga. Vile vichupa vidogo akadhani dawa ya macho, akavipanga vizuri juu ya sahani, akaviweka dirishani visipotee. Dirisha lenyewe la upande wa jua. Akaisugua chupa kwa mchanga na sabuni, akaisuuza, akaijaza chai ya tangawizi. Akampelekea mwanangu mlangoni, "Shika hii, mwanangu, mkeka wa wanaume haujapata."

"Niliyaona yale maua nimeshaanza kumimina," akaniambia.

"Ukafanyaje?"

"Nikamimina."

"Hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Mbele ya wageni? Kwamba shangazi yao ameharibu dawa yangu? Harusi yenyewe ingegeuka maneno."

Nilimtazama. Mtoto huyu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mgeni asirudi na kikombe kitupu, na kwamba neno la kumtia mtu aibu unalimeza. Alikuwa amefundishika.

Dawa iliyopigwa na jua aliendelea kujichoma, sindano ileile, kipimo kilekile, akidhani ubora umepungua kidogo tu. Kumbe ilikuwa imekufa, alikuwa anajichoma maji. Na kikombe akapewa, akanywa, maana wageni walikuwa wanamwambia mbona humimini chako, au chai yako ina sumu? Mkwewe akamwomba abaki kidogo baada ya harusi, nyumba imechafuka na yeye miguu inamuuma. Akabaki. Kiu ikamshika, anakunywa mtungi na bado anatafuta maji. Akaanza kutapika. Wakasema ni mimba. Alipoanza kupumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda kilima, mumewe akatafuta gari la watu wa mashamba ya chumvi, na huku nyuma wakaniletea habari. Nilifika hospitali naye ameshalazwa. Nilipoinama kumbusu, pumzi yake ilikuwa inanuka mabibo yaliyochacha. Nimekulia kwenye mikorosho, harufu hiyo naijua, ni ya msimu, ni ya watu kukaa chini ya miti wanacheka. Tangu siku ile yakianza kuanguka natafuta mtu wa kuniokotea.

Mtoto hakuwa anacheza tena tumboni. Manesi walifanya waliloweza, maji ya mishipani, dawa mpya, hawakukaa. Mwanangu alinieleza habari ya chupa, akaniuliza kama huyu mkubwa amekula, nikamwambia amekula. Akasema, "Usimpe sana." Alasiri akakata roho. Tukamzika na mwanawe ndani yake.

Mkwewe alikaa matanga yote na mimi, hakwenda kwake. Siku ya kuondoka akatoa chupa kwenye kikapu akaiweka katikati yetu.

"Chupa yako, mzazi mwenzangu. Nimeiosha."

Nikaifungua. Haikunuka samaki. Ilinuka tangawizi na sukari.

"Shangazi hakujua," akasema.

"Najua."

"Na mimi sikuuliza kwa nini ananuka samaki chumbani mwake. Nilidhani ni hamu za mimba."

Nikaifunga chupa. Wote tulikuwa tumempenda mtoto yule kwa kitu kilekile, na hicho kitu ndicho mwili wake ulichokuwa umekifungia mlango. Akaniachia mjukuu, ingawa kwa haki za kwao angeweza kumchukua. Neno hilo hakulitaja hata mara moja.

Basi siku ile ya Idi, utumbo umeshatoka mweupe, msomi wangu akanawa mikono akaniuliza, macho yako chini, "Bibi, mama aliona kabisa ni ile chupa?"

"Aliona."

"Angesema tu."

"Angesema."

Halafu akaniambia kwamba amejipima sukari. Bado hana. Lakini kwa alivyozaliwa, na kwa mama aliyekuwa naye, anajua maandishi anayo, na anapima kila mwaka, na sindano haimtishi. Akasema hivyo kama mtu anayesema njia ya kwenda sokoni. Nikamwambia anawe tena kwa ndimu, harufu haijatoka.

Adhuhuri ikapigwa hodi. Nikajibu karibu. Ni yule mkwe, siku hizi mzee, anatembea kwa fimbo, Idi hakosi kuja kumwona mjukuu wake. Mjukuu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anampapasa uso. Nikaleta chai kwenye chupa ile ile ya maua mekundu, maua yenyewe yamefifia yamekuwa kama kutu. Kwangu chai haichemshwi na sukari tangu mwaka ule. Sukari inakuja kando, kwenye bakuli na kijiko, mwenye mwili unaoitikia atie. Najua Somanga wananiita bahili. Wageni wengine hucheka wazi, bibi umerudi kwenye mgao? Waseme.

Mkwe akamiminiwa. Akalitazama bakuli, akalisogeza kidogo kwa upande wa mjukuu. Mjukuu akalisogeza kwangu. Mimi nikaliacha hapo lilipo.

Tukanywa kavu, watatu, tumefumba macho kwa ule uchungu. Tulipofumbua, sisimizi walikuwa wameshafika ukingoni mwa bakuli.